Tando Zilizokaushwa Juu ya Moshi

Mwalimu,

Shikamoo. Sijui kama huko ulipo wanaitikia, ila nimelelewa hivyo, siwezi kukugombeza kabla sijakuamkia.

Jumamosi, tulipomaliza matanga yako, Mama mkeo aliniomba nipande dari ya jikoni nimshushie mbegu za mahindi. Miguu yake unaijua. Nyuma ya mahindi nikakuta vioo vyetu sita vimefunikwa gazeti, na juu ya kila kioo utando wako, mkavu, rangi ya chai. Nilikaa kwenye ngazi nikashindwa kushuka.

Miaka miwili, Mwalimu. Miaka miwili tulichanganya zile polima mbili, unga wa plastiki unaoyeyuka, kwenye stoo yako hapa Kisondela, tukamimina kwenye vioo, tukitafuta utando wa kuizuia methanoli, ile spiriti inayotupa umeme, isivuke upande wa pili wa seli yetu. Tando zangu zilivuja, taa tuliyoiunga kwenye seli ikafifia sijamaliza hata kufurahi. Zako zilishika. Nikauliza nakosea wapi. "Mikono yako ina haraka, Neema." Nikaamini. Nikaiacha hata nafasi ya chuo, maana mwenye mikono mibovu anakwenda maabara kufanya nini? Siku ile ulininunulia chai pale stendi ya Tukuyu, ukasema nimeamua vizuri.

Na nilipotaka kukausha zangu jikoni, kwa kuwa ukungu wa huku haukaushi hata soksi, ulinikatalia. "Moshi ni uchafu, usiusogeze kwenye kioo." Kumbe ulikuwa unasubiri niondoke, ndipo unapanda dari kuzianika zako juu ya moshi. Mama alidhani najua.

Ulihofia nini? Kwamba nitakwenda, ubaki peke yako na vioo? Ungeniambia. Ningebaki hata mwaka mzima, kwa hiari yangu. Nilikupenda kuliko baba yangu, na wewe ukaniacha niichukie mikono yangu mwenyewe. Inaniuma, Mwalimu, na huwezi hata kuniomba msamaha.

Jumapili nilianika utando wangu juu ya moshi wa mafiga. Leo Alhamisi nimeuweka kwenye seli. Taa imewaka tangu asubuhi, na ninavyokuandikia bado inawaka.

Pumzika sasa. Nitaiomba tena ile nafasi ya chuo. Kwenye ripoti nitatanguliza jina lako, kwa sababu kuchanganya ulinifundisha wewe. Mstari unaofuata nitaandika tando zilikaushwa wapi, ili atakayekuja asiilaumu mikono yake.

Neema