Tangu Fanuel Aanze Dawa

Maji ya Chai,
Arusha.
9 Februari 2025

Mpendwa Kaka Elisaria,

Shikamoo. Wifi hajambo? Na ule mguu wako, umepona au bado unauburuta? Huku jua limekausha migomba, lakini tunapumua.

Nakuandikia kwa sababu simu unaikata nikianza habari za mdogo wetu Fanuel.

Alipong'oa kahawa ya jirani, wewe ndiye uliyempigia simu mshili, mzee wetu wa ukoo, ukamwambia ni ugomvi wa mpaka, jina letu lisichafuke. Naye akayasema hayo mahakamani; mahakama ikaamini hivyo hivyo, ikampa kifungo cha nje: kufagia zahanati hadi mwisho wa Mei. Mimi nilimwuliza kwa nini. Akasema ile miche ilikuwa inamteta.

Mwanzoni afisa uangalizi wake, Bwana Reginald, alimsifu. Fanuel alifika kabla ya manesi, hasemi na mtu, anafagia pale pale mpaka udongo unachimbika. "Mama Nondo, huyu amejirekebisha," ananiambia. Amejirekebisha wapi, Kaka? Alikuwa anaumwa!

Nikampeleka kliniki mwenyewe, kama nilivyojenga duka hili la nondo na misumari, bila kushikwa mkono na mtu. Dawa zikamkubali. Akaanza kucheka, akaulizia habari zako. Ila dawa hizo zinamlemea kwa usingizi asubuhi, anachelewa, na akisemwa anajibu. Reginald akaja dukani amenuna.

"Mdogo wako ameanza kiburi. Akichelewa tena namrudisha mahakamani, akamalizie ndani."

Nikamwonyesha vidonge. Akacheka.

"Vichaa nawajua, mama. Wanaokota makopo. Huyu anafunga kamba za viatu. Ninyi Wameru na mipaka yenu!"

Ana watu sabini na wawili wa kuwasimamia, na pikipiki moja. Gawanya mwenyewe uone kila mmoja anapata nini.

Jumatatu Fanuel aliamka alfajiri akafagia uwanja wa duka. Nikafurahi, mjinga mimi. Kisha nikaona anarudia pale pale. Vidonge nilivikuta kwenye debe la misumari. "Dada," akasema, "nikiwa mgonjwa hanigombezi."

Njoo, Kaka. Barua ya daktari ninayo, lakini Reginald ameshika maneno yako, siyo yangu. Njoo uyafute mbele yake na mbele ya mshili. Kufika Mei hivi, hatafika.

Msalimie wifi, na wanao Angel na Derick. Mungu akutangulie barabarani.

Fanuel naye anakusalimu. Alinituma wiki iliyopita, alipokuwa bado anaongea.

Dada yako akupendaye, hata ukikata simu,
Magdalena