Kicheko cha Kijiko

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepunguza kukusumbua, na kwamba cherehani bado inakutii kuliko sisi wanao. Mwambie mama mimi mzima, nakula.

Filamu ya askari imefika mwisho. Uliniuliza kwa nini sikupiga picha za mapigano. Baba, siku nyingi kule hakuna mapigano, kuna kungoja. Nimewapiga picha wakifua soksi, wakinyoana, wakigombania kipande cha sabuni. Aliyenizoea zaidi walimwita Kijiko, kwa sababu kijiko chake kilikaa ndani ya buti kutwa kucha. Alinitania kwamba kwao watadhani jeshi limemwajiri udobi.

Niliwaandikia wewe na mama kwamba alipigwa risasi akiteka maji kisimani. Sikuandika yote.

Wiki iliyopita mama yake alikuja kwenye chumba tunachohariri. Alikaa kwenye kiti changu, mkoba magotini, akasema hana haja ya kumwona na bunduki. Anataka kumsikia akicheka, basi. Kicheko kilichonaswa vizuri ni kimoja tu. Mhariri alinitazama, akauliza kwa upole kama tukiondoe filamuni. Nikamwambia nitafikiri.

Baba, asubuhi ile Kijiko alikuwa ameshateka maji na kurudi salama. Mimi ndiye niliyesahau kubonyeza kitufe cha kurekodi. Ulinifundisha kufumua mshono uliopinda na kuanza upya, nami nikafanya hivyo hivyo: nilimwomba amwage maji, aende tena. Sauti yangu inasikika ikisema, "Rudia, kaka, mara moja tu." Naye anacheka juu ya sauti yangu, akisema hata kisima kitatushangaa. Sauti hizo haziachani. Ukiitoa yangu, kicheko chake kinakwenda nayo.

Hakurudi.

Jumamosi mama yake anakuja kutazama. Nimemwambia mhariri asiguse kitu. Nitakaa kando ya mama huyo, na kabla taa hazijazimwa nitamwambia kwa kinywa changu, asije akayasikia kwanza kwenye spika. Akinifukuza, ana haki.

Tafadhali usinijibu kwamba ajali haina kinga. Niombee tu nisikauke sauti.

Wasalimie wote hapo nyumbani, na mdogo wangu mwambie ashuke kwenye meza yako ya kukatia nguo.

Ni mimi binti yako,
Kifungua mimba