Miwani ya Baba Mkwe

Jumatatu, 21 Agosti 1995
Nimefuta lenzi tangu asubuhi. Wateja wachache, vumbi jingi. Mzee Rashidi, mwenye duka la miwani hapa Mabatini, kaniachia wawili niwapime mwenyewe.

Jioni Masanja alinisubiri nje, kavaa shati nililolipiga pasi. Mume wangu. Ndoa ina miezi miwili na bado nikimwona nakosa pa kuweka mikono.

Chuo cha upimaji macho Moshi wamenikubali. Kinafunguliwa tarehe 18 mwezi ujao. Masanja anasema nitakwenda, ila baba yake akubali kwanza. Tunaishi kwake Igoma. Hakuna linalofanyika hapa bila yeye.

Alhamisi, 24 Agosti
Amekataa.

Kwao mkwe hamtazami baba mkwe usoni. Namwamkia nimepiga magoti, macho chini. Naweka chakula, naondoka. Sasa anauliza: "Mimi hanitazami, halafu aende kutazama macho ya wanaume wa watu ndani ya chumba chenye giza?" Masanja akainama kufunga kamba za viatu.

Nimelia jikoni. Baadaye Masanja kaniletea mapera, kayakata vipande vidogo. Siwezi kumkasirikia mtu anayekata mapera namna ile.

Jumapili, 27 Agosti
Baba mkwe karudi mnadani na miwani ya mtumba. Ameipenda kwa fremu yake ya dhahabu. Mama mkwe akamtania: "Leo tumepata mkuu wa wilaya." Tulicheka wote. Katika kucheka nikainua uso.

Macho yake nyuma ya kioo yamekuwa madogo kama ya kuku. Hizo ni lenzi za mtu asiyeona mbali. Yeye shida yake ni karibu. Sasa haoni mbali wala karibu.

Nikisema, nimekiri kwamba nimemtazama. Nikimtuma Masanja, ataulizwa nani kaona. Hapo Moshi ndiyo basi.

Jumamosi, 2 Septemba
Kichwa kinamuuma kila siku. Jana alikosa ngazi ya mlangoni. Leo lori la pamba limemkosa kidogo akivuka barabara ya Musoma. Amekaa uani, miwani bado usoni. Anasema ni uzee. Nyumba nzima inasema ni uzee.

Nimebanwa. Masanja kanishika mkono chini ya meza. Nampenda mpaka nakosa hewa. Na hewa yenyewe sina.

Jumapili, 3 Septemba
Nimesema.

Nilisimama nyuma ya mlango wa jikoni, nikapaza sauti ili mzee asikie uani. "Mama, mwambie baba avue hiyo miwani. Si yake. Itamuua."

"Umejuaje?"

"Nilimtazama, mama."

Kisha sauti ya mzee: "Mwambie anitafutie iliyo yangu."

Jumatano, 6 Septemba
Mzee Rashidi kaniazima kisanduku cha lenzi. Mama mkwe alikaa katikati yetu. Mimi nachagua lenzi, nampa yeye, yeye anamvalisha mumewe na kuniletea majibu.

"Anasema ya kwanza ilikuwa na ukungu."

"Mpe hii, mama."

Mzee akamtazama mkewe kwa muda. "Kumbe umezeeka hivi?"

Mama mkwe akanigeukia: "Mwanangu, mrudishie ile ya dhahabu."

Mzee alisoma gazeti kwa sauti mpaka matangazo ya vifo. Nimeanza kupanga nguo za Moshi kichwani. Masanja atanisindikiza hadi stendi. Nimeshamwona akipunga mkono.

Ijumaa, 8 Septemba
Hapana. Baba mkwe amefurahi mno, ndiyo sababu. "Moshi ya nini? Huyu ameshajua. Nitamjengea kibanda hapa mbele." Masanja alimkumbatia baba yake. Akanigeukia, uso umejaa furaha. Anadhani tumeshinda wote.

Nikatabasamu. Sikuweza kumvunja moyo.

Jumatatu, 18 Septemba
Kibanda kimekwisha. Masanja amechora herufi za kupimia kwa mkono wake, zimenyooka vizuri. Nje kaandika DAKTARI WA MACHO. Nilimwambia mimi si daktari. Akanibusu kwenye paji la uso.

Bibi mmoja kaja kutoka Kisesa. Nilimmulika. Ndani ya jicho la kushoto kulikuwa na kitu nisichokijua jina. Nikamwambia aende hospitali. Akauliza ni nini, mwanangu.

Wenzangu wa Moshi wameanza leo.