Taa Yenye Jina Lako

Athumani, mtani wangu,

Taa imezimika. Naanza na hilo kwa sababu nakujua, ungekuwa hai usingeniacha nimalize salamu kabla hujauliza habari za gari. Gari ni zima. Mkeo mzima. Mimi nipo, na ndugu zako wa Chanika bado wananiita mpagazi, kana kwamba babu yangu alikuja huku kubeba mizigo ya babu zao na si kukata mkonge.

Sikukuandikia mapema kwa sababu nilikuwa na hasira na wewe. Mtu gani anaondoka bila kumuaga mtani wake? Hata hivyo msibani nilifanya kazi yangu kama desturi inavyomtaka Mnyamwezi afanye kwenye msiba wa Mzigua. Nilivaa kofia yako, nikatembea kwa ule mwendo wako wa kuburuta mguu, nikazunguka chini ya turubai nikiyaponda mahindi ya watu kama wewe ulipokuwa unayanunua: haya nayo mahindi au kokoto? Watu walicheka hadi wakalia. Mimi sikulia siku ile, mtani halii. Nililia wiki iliyofuata gareji kwangu Korogwe, nikiwa chini ya lori la mtu, oili ikanidondokea jichoni nikapata kisingizio.

Sasa nikueleze mambo uliyotuachia.

Unaikumbuka ile taa ya rangi ya chungwa kwenye dashibodi, yenye maandishi ya Kijapani? Kila ukigeuza ufunguo ilikuwa inawaka kidogo, kisha inazimika. Siku tuliyolileta gari nyumbani mkeo, Mama Zainabu, alikuuliza imeandikwa nini. Wewe na mdomo wako ukamwambia imeandikwa Athumani, kwamba Wajapani walipata sifa zako mapema wakaandika kabisa kabla ya kulipakia melini. Nilikuwa nimekaa kiti cha nyuma, nikaongeza chumvi, nikamwambia hata mimi nimeisoma. Miaka yote ile hakuna aliyemwambia vinginevyo.

Ulipoondoka, mkeo akakaa eda na gari likakaa bandani. Eda ilipoisha, mdogo wako Rajabu akaja kumchukua ili wakazuru kaburi lako. Akawasha injini, taa ikawaka, na safari hii haikuzimika. Wakatoka nayo hivyohivyo hadi karibu na barabara kubwa. Mama Zainabu analiangalia jina lako linamwakia usoni tu. Akasema simamisha. Akashuka, akarudi nyumbani kwa miguu, na tangu siku hiyo hakupanda tena lile gari wala hakutia mguu kaburini kwako.

Rajabu akanipigia simu. Alikuwa ameshapata watu wa kulinunua walikate spea, maana nani Handeni angelitaka zima gari ambalo marehemu analalamika ndani yake? Mtaa mzima ulikuwa unajua. Watu walisema hujaridhika, kila mmoja na sababu yake. Nikamwambia Rajabu asiuze hata tairi kabla sijafika, nikapanda basi na boksi langu la spana.

Jambo la kwanza nilimwambia mkeo ukweli, kwamba yale maandishi si jina lako. Hakuniamini. Na angeniamini vipi? Mtani ukishamdanganya mtu miaka yote ile kwa kicheko, siku unayosema kweli anakuangalia mdomo anangoja ucheke.

Nikufundishe basi, maana ulipokuwa hai hukutaka kujifunza. Taa ile ni ya joto la ekzosi. Kwenye bomba la moshi, chini ya gari, kuna sega la kusafishia moshi, na likizidi moto ni hatari. Kwenu Handeni wakati wa kiangazi ukiegesha juu ya majani makavu unaweza kuunguza gari na shamba la jirani. Kwa hiyo wameweka sensa pale, kijiti cha chuma cha ukubwa wa msumari, inapima joto na kuwasha taa mambo yakiharibika.

Nilianza kwa kukosea. Nilidhani sega linaungua kweli, kwamba plagi moja imechoka na petroli inakwenda kuungulia kwenye bomba. Nikabadilisha plagi zote, nikajisifu, nikawasha. Taa ileile. Nikatukana, na wewe nikakutia humo. Nikaacha kila kitu, nikaenda kula ugali wa mkeo.

Asubuhi yake nilipowasha injini, taa ilikuwa imeshawaka kabla hata gari halijapata moto. Nikazima, nikaingiza mkono chini nikalishika bomba. Lilikuwa baridi kama mtungi. Sasa kitu baridi namna ile kinalalamikaje joto? Hapo ndipo nilipojua sensa ni mwongo.

Nyaya zake zinapanda hadi chini ya kapeti, kwenye kiti cha abiria. Nikafunua. Mahindi! Mahindi yako, yale uliyokuwa unayapakia kwenye gari la kutembelea kana kwamba mji mzima hauna kirikuu cha kubeba mizigo. Panya alikuwa amekaa humo eda nzima kwa raha zake, amejenga kwa sponji ya kiti, na alipoyachoka mahindi akatafuna nyaya za sensa hadi shaba zikagusana. Zikigusana tu, gari linaamini kuna jehanamu huko chini. Nilikaa pale sakafuni nikacheka peke yangu, halafu nikakumbuka kwamba wewe ndiye ningekupigia simu kukusimulia, nikaacha kucheka.

Nikachomoa soketi, taa ikazimika. Rajabu akafurahi, akasema basi, kaka Maganga, tuache hivyohivyo. Na kusema kweli mafundi wengi tungeacha hivyohivyo. Nikamwita mkeo aone. Akasimama mlangoni bila kusogea, akaniuliza nimefanya nini. Nikasema nimeichomoa.

Akaniambia, "Shemeji, mtu mwenye jambo lake ukimziba mdomo, jambo limekwisha?"

Nikafungua ile sensa nikaitia mfukoni, nikarudi Korogwe kutafuta nyingine. Niliipata kwenye gari lililopata ajali, la aina kama lako, nikageuza na basi la mchana.

Safari hii sikwenda garini. Nilikwenda jikoni kwa mkeo. Alikuwa amebandika maharage, nikamwomba ayaipue kidogo. Nikampa mita yangu ya umeme, nikamfungia nyaya za sensa niliyoleta, nikamwambia asome mwenyewe, nisije nikaambiwa ni utani. Namba ilikuwa kubwa. Nikakisogeza kile kijiti kwenye makaa. Namba ikaanza kushuka, inashuka, inashuka, na yeye anaisoma kwa sauti kama mtoto wa darasa la kwanza. Nikakitoa, namba ikapanda tena polepole. Nikamwambia ndivyo sensa iliyo nzima inavyosema: namba ikishuka, kuna moto.

Kisha nikamfungia ile ya zamani. Ilikuwa baridi, imetoka mfukoni mwangu. Namba ilikuwa chini kabisa, karibu na sifuri. Nikaiweka kwenye makaa, palepale. Nikaitumbukiza kwenye kata ya maji, palepale.

"Kwa hiyo hii inalia moto hata ikiwa majini," alisema.

Nikamwambia ndiyo. Nikamwonyesha meno ya panya kwenye nyaya.

Akakaa kwenye kigoda na ile mita mapajani. Ndipo akanitolea lile lililokuwa linamla. Siku ulipozidiwa ulimwomba akupeleke Korogwe, kwenye hospitali uliyoizoea. Yeye akakataa, akakupeleka ya hapohapo Handeni kwa sababu ni karibu, na ukafia hapo. Tangu siku ile anajiuliza. Taa ilipowaka alijua umekuja kumuuliza na wewe.

Kumbe mwanamke alikuwa amebeba mzigo ule peke yake, na mimi ninayo dawa yake kinywani na sijui! Jioni ile ukiwa kitandani hospitali ulinipigia simu. Nilidhani ni porojo zetu za kila siku, wala haikunijia kwamba kuna mtu anayahitaji maneno yale. Nikamwambia neno kwa neno: "Mnyamwezi, nilitaka kuja kwenu, Bibi Afya kakataa. Na ana akili kuliko mimi, kwenye kiti kile cha gari nisingefika hata nusu ya njia."

Alinitazama mdomo, kama kawaida. Halafu akauliza, "Alisema Bibi Afya?"

Nikasema ndivyo ulivyosema, na kwamba mimi sikujua ni nani hadi nilipofikiri baadaye. Akafunika uso kwa ushungi. Jina hilo, aliniambia, ulikuwa unamwita ndani ya nyumba tu, tangu alipokulazimisha kuchemsha maji ya kunywa. Hata Zainabu halijui. Akalia, akalia vizuri, kilio cha mtu anayetua kitu, na mimi mtani nisiyelia nikalia naye. Maharage yalichelewa.

Sensa nimeifunga. Nyaya nimezivika mpira mgumu, kapeti nimelifua, na mahindi yako wamekula kuku.

Leo asubuhi tumekuja kwako kaburini. Nadhani umetusikia. Kabla ya kuondoka nilimwonya mkeo: nikigeuza ufunguo taa itawaka kidogo, inajipima, kisha itazimika, usishuke. Akakaa mbele, akafunga mkanda. Nikageuza. Ikawaka.

Akaitazama, akasema taratibu, "Waalaikumu salaamu, baba Zainabu."

Nikawasha injini, taa ikazimika. Nikaona nimkumbushe tena, shemeji, ujue pale pameandikwa joto la ekzosi. Akaniambia anajua, nilishamweleza. "Lakini nyie wawili mlinifundisha kuisoma Athumani," akasema. "Mimi nitaisoma hivyohivyo."

Njiani kurudi ameniomba nimfundishe kuendesha, ili awe anakwenda Magoma kwa Zainabu bila kumsubiri Rajabu. Nimekubali, na nakuahidi wewe: nitamfundisha mpaka aweze, na gari lako halitakatwa spea wakati mikono yangu ingali inashika spana. Akigonga geti, hilo ni geti la Wazigua, halinihusu.

Lala pema, Athumani. Hakuna mtu anayekudai neno.

Mpagazi wako,
Maganga