Baba Ameomba Radhi, Anangoja Jibu

Antsirabe,
14 Juni 2023

Mpendwa kaka Tovonirina,

Naomba barua hii isomwe mezani, nyumba yenu nzima ya Mahajanga ikiwapo. Kwanza namwamkia Shangazi Rasoanoro, mkubwa wetu sote: shikamoo. Kisha wewe, kaka. Kisha wifi Noeline. Kisha watoto, hata aliyekwisha sinzia. Mniwie radhi kwa kusema mbele yenu ilhali mimi ndiye mdogo.

Je, magoti ya Shangazi yamepata nafuu? Huku hatujambo. Baridi ni ya kulala na soksi, lakini Baba anamaliza wali wake na kuteremshia maji yaliyochemshiwa kwenye ukoko wa sufuria.

Siku ya upasuaji wa koo lake imewekwa: tarehe 20 Julai. Daktari ana matumaini mema, ila hakuahidi kwamba sauti itarudi ileile. Kwa hiyo kazi niliyoianza, ya kurekodi hotuba zake za posa kwa ajili ya vijana wanaosikiliza podikasti yangu, haiwezi tena kungoja.

Maikrofoni uliyotuletea ni nzuri mno, na hapo ndipo taabu ilipo: inasikia kila kitu. Niliiweka katikati ya sebule, ikawanasa mabata bukini wa jirani Lalao, magurudumu ya riksho, jokofu, na Baba kwa mbali.

"Mwanangu," akaniuliza, "umenirekodi mimi au umerekodi mtaa?"

Nikaazima ya mwalimu wa kwaya, ile ya kushikwa mkononi, isiyosikia ila kinywa kilicho karibu nayo. Bukini wakatoweka. Baba alipoona inavyomsogelea, akasema, "Hii inataka kunihesabu meno?"

Akaanza kwa kuomba radhi, kama ilivyo desturi yetu. Sauti ikaingia safi, hata pumzi zake nikazisikia. Mara akanyamaza. Dakika nzima! Nikabadilisha waya, nikakigonga kinasa sauti, kisha nikaingiwa na hofu kwamba koo limemkaba.

"Baba, kulikoni?"

"Nimeomba radhi, hakuna aliyenisamehe. Nitaendeleaje?"

"Mimi nimekusamehe, Baba. Endelea."

"Wewe niliyekuzaa? Tena umeziba masikio! Wa kunijibu ni dada yangu."

Nilicheka mpaka nikavua vipokea sauti vya masikioni. Yeye hakucheka, wala hakuendelea na hotuba siku ile.

Tangu hapo nimeacha kuuliza ipi ni bora. Ya kwaya itakuwa ya Baba, upana wa kiganja kutoka mdomoni. Yako itakaa mbele ya wanaomjibu, kwa kuwa hotuba isiyojibiwa, kwake, haijaanza. Kinasa sauti changu kinapokea zote mbili. Lalao amekubali kuwahamishia bukini kwa mkwewe siku hiyo; jokofu nitalizima mwenyewe.

Wasalimie Fanja na mumewe, na mzee Ralaivao wa duka la mikeka. Mola awafunike nyote kwa rehema yake.

Basi, ninyi mliokaa mezani, neno limekatwa: Jumamosi, tarehe 8 Julai, saa tatu asubuhi, mtakuwa sebuleni kwetu. Kaka, kata tiketi za basi kesho. Shangazi akae dirishani, asichoke. Radhi ya Baba imekwisha ombwa, na kiti cha kumjibu nimekwisha kiweka.

Mdogo wako anayekupenda na kukungoja,
Harivelo