Mate ya Baraka Juu ya Kofia ya Baba Mdogo

Mama Pélagie wa redio yetu, mshauri mpendwa, nisaidie upesi, maana wiki tatu sasa nimefunga mdomo na furaha ya nyumba nzima imeondoka kwa sababu yangu. Niite Claire, fundi cherehani wa hapa Kindu, na majina yote humu nimeyabadilisha.

Wakati wa vita, mwaka 2002, baba yangu mdogo Rigobert, mtu wa reli, alikimbia na mke wake na binti yao wa miaka miwili, wakaifuata reli kwa miguu kuelekea Kibombo, baadaye tukaletewa habari kwamba wakubwa wawili wamekufa, mtoto hakuna aliyejua alipo, basi nyumba yetu ikazoea kuishi bila kutaja majina yao. Sasa mwaka huu akafika mzee Abedi, mkulima wa mpunga wa Kibombo, pamoja na dada mmoja anayeitwa Bibiche, mzee akasema alimwokota mwaka ule kando ya reli akiwa amefunikwa koti la mtu wa reli, amemlea kama wake wa kumzaa, lakini hataki kufa kabla hajawatafuta watu wake. Mama, ungeiona nyumba yetu. Bibiche akicheka anakaa chini kabisa, kama baba mdogo alivyokuwa akifanya, sombe, yale majani ya muhogo, anamaliza sufuria, na Papa, baba yangu, mwalimu mstaafu asiyecheka na mtu, alianza kuimba akioga. Kwa majirani wote alisema neno moja, kwamba ndiye: "Huyu njo mutoto wa ndugu yangu."

Lakini mahakama, ili impe Bibiche cheti cha kuzaliwa, ilitaka kipimo cha vinasaba, ile ADN, na fundi wa maabara akasema undugu wa baba mkubwa na mtoto hauonyeshi vya kutosha, heri tutafute kitu cha Rigobert mwenyewe. Tulikuwa na kofia yake ya kazi, imelala sandukuni tangu vita, jasho limekaukia kwenye utepe wa ndani. Fundi akatuonya kwa simu tusiishike kwa mikono mitupu, tusiongee juu yake. Nilivaa glavu, nikatayarisha bahasha. Ndipo Papa akaja, akavua viatu, akaiinamia ile kofia na kuitemea mate ya baraka mara tatu, kama wazee wetu wanavyomfanyia mtu anayeanza safari.

"Enda, ndugu yangu," alisema. "Enda useme kweli."

Machozi yalinitoka, sikuweza kumzuia, na pale karatasi ya maabara ilipouliza kama kuna aliyekigusa au kukikoholea kitu hiki, nikaandika hapana, nikatia sahihi.

Majibu yakarudi: chembe ni chache mno, zimechanganyika, ni za watu wawili au zaidi, na programu ya kompyuta imetoa namba moja, nayo ni mbili. Papa, mwalimu ni mwalimu, aliona mbili akasema mtoto amefeli. Bibiche alifua shuka alizolalia, akamwomba mama msamaha kwa kuku tuliomchinjia, akapanda pikipiki kurudi Kibombo. Papa haimbi tena. Nikisema ukweli ninamwaibisha mzee mwenye presha, nikinyamaza ninampoteza dada. Nifanye nini?

Claire, Kindu

Claire, binti yangu, barua yako imenichekesha mpaka wenzangu wa studio wamekuja kuuliza kuna nini. Halafu nimefika kwenye zile shuka zilizofuliwa, na nimekukasirikia kweli.

Mate ya Papa yako hayana dhambi. Alimbariki ndugu yake, na ningekuwapo ningesema amina. Dhambi ni ile hapana yako. Mficha uchi hazai, mama, na wewe umeuficha mbele ya watu pekee ambao wangekusaidia.

Nimempigia fundi mmoja wa kazi hizo, bila kukutaja. Anasema namba ile si alama za mtihani. Kompyuta inajiuliza: kama Bibiche ni mtoto wa mwenye kofia, ni rahisi kiasi gani kukuta alama hizi za vinasaba tulizoziona? Na kama si mtoto wake, je? Mbili maana yake jibu la kwanza linalizidi la pili mara mbili tu. Mzani umeinama upande wa Bibiche kidogo sana, haujamkataa. Chembe zikiwa chache, alama nyingine hupotea, kama simu yenye mtandao mbovu, na programu imetengenezwa kuhesabu hata yale ambayo huenda yamepotea. Lakini nyinyi mliifanya imsikilize marehemu huku Papa yako akiongea kwa sauti juu yake, tena ndugu hawa wana alama nyingi za pamoja, na hakuna aliyeiambia kwamba ni ndugu.

Dawa ipo. Papa yako atoe mate tena, safari hii kwenye kichupa cha maabara, nanyi muandike wazi ni ya nani na yalifikaje kwenye kofia. Watahesabu upya kwa chembe zile zile, wakijua zipi ni zake. Namba inaweza kupanda hadi maelfu. Inaweza pia kubaki ndogo, au kumkataa kweli. Fundi hakuniahidi kitu, na mimi sikuahidi.

Sasa sikiliza. Umebadilisha majina, lakini mwalimu mstaafu, kofia ya reli na mtoto wa Kibombo, nani hapa Kindu hatawajua? Kwa hiyo jibu hili nimekutumia siku tatu kabla sijalisoma redioni. Kesho asubuhi, Papa akishakunywa chai yake, kaa naye peke yenu, uanze na sahihi yako, si na mate yake. Ataona haya, kisha atakumbuka ni mara ngapi yeye mwenyewe amesahihisha vibaya daftari la mwanafunzi. Siku hiyo hiyo andikeni kwa maabara na kwa mahakama.

Halafu panda pikipiki uende Kibombo. Usipige simu. Msalimie kwanza mzee Abedi kama mzazi, kwa sababu ni mzazi. Bibiche akikuletea kiti, usikae kabla hujamwambia hivi: "Ile karatasi haikukukatala. Haikuambiwa kweli, na wa kuiambia njo mimi." Kisha mpandishe mrudi naye. Majibu yakija, yawe yoyote, yamkute kwenu.