Mama Ana Mti Denmark na Bado Anauza Omena Kawangware

Shangazi Musimbi, salamu nyingi, na naomba unijibu kabla ya tarehe kumi na nne kwa sababu siku hiyo mgeni anatua na mimi sijui nimfiche wapi mama yangu.

Mimi ni kijana wa miaka ishirini na saba, nina wenzangu wawili, Khamala na Mitchelle, tumekodi chumba Laini Saba karibu na reli na humo tunaunda programu ya kupanga miadi ya wagonjwa, na wateja wetu wako Denmark, kliniki kumi na moja za meno za kampuni moja, kwa hivyo mzungu aking'olewa jino kule ujue siku yake ilipangwa na sisi hapa Kibera, na hilo lilinifanya nijione mtu. Sasa shida ni kwamba tulipoomba kazi niliandika kuwa ofisi yetu ina jenereta mbili, na ukweli ni kwamba tunatumia stima ya sambaza, waya wa kuunganishwa bila mita, kama majirani wote, na mwezi wa tano nyaya zikakatwa, tukakaa gizani siku nne, na kazi ilitakiwa iwafikie Jumatatu. Ningesema stima imepotea wangeuliza jenereta ziko wapi. Nikaona niseme nimefiwa, kwa sababu huku kwetu mfiwa hadaiwi kazi, na kifo cha nyanya nilikuwa nimeshakitumia mwezi wa kwanza, kwa hivyo nikaandika kwamba ni mama.

Shangazi, sikujua watu hao hupokea msiba namna gani. Huku ungepewa pole, mchango upite, mambo yaishe. Wao walituma kadi iliyotiwa sahihi na ofisi nzima, wakapanda mti mbele ya jengo lao kwa jina la mama, Nereah, wakanitumia picha, na sasa mkubwa wao anayeitwa Inge anakuja kutia sahihi mkataba wa miaka miwili na anasema kabla ya mambo ya kazi angependa kuweka maua kaburini.

Mama ni mzima, anauza omena, wale dagaa wa ziwani, kule mtaa wa Kongo, Kawangware, na ameambia kanisa zima kuwa mwanawe anauza mambo ya kompyuta ng'ambo. Nilimpa nauli aende nyumbani Ugenya apumzike wiki mbili, akafurahi, mpaka Mitchelle akaropoka kuwa mgeni anakuja, basi akasema haendi popote, ameshonesha rinda na atampikia mgeni yeye mwenyewe. Khamala naye ananiambia, "Msee, sema huyo ni mdogo wa marehemu. Kwani huyo mzungu atajuaje?" Naona inaweza kufaulu kwa sababu kwetu mama mdogo pia ni mama, lakini itabidi mama akubali kujililia mwenyewe mbele ya mgeni, na sijui hilo namwambiaje. Mkataba huu ukipotea sisi watatu tunarudi kutafuta vibarua.

Ni mimi,
Yatima Bandia, Laini Saba

*

Yatima,

Nimesoma barua yako mara mbili, ya kwanza nikicheka, ya pili nikiwa nimeshika kichwa. Unawapangia watu wa Denmark siku ya kung'olewa meno, na mama yako umempangia siku ya kufa bila hata kumuuliza kama ana nafasi.

Nakuhurumia kidogo. Najua aibu ya kuandika Laini Saba kwenye barua inayokwenda ng'ambo, na nadhani zile jenereta mbili zilizaliwa hapo. Lakini stima kukatika si dhambi yako. Kijana anayehudumia kliniki kumi na moja kwa waya wa sambaza ana jambo la kujivunia, nawe ukaenda kulificha chini ya jeneza. Njia ya mwongo ni fupi, na yako imefika uwanja wa ndege.

Khamala mwache kwanza. Siku nyingine akikupa ushauri, muulize kwa nini hakumtoa mama yake mwenyewe. Na wewe mtu wa Ugenya usijifanye hujui wazee wa kwenu wangesema nini juu ya kumtangazia kifo mtu anayepumua. Hata kwetu Maragoli jambo hilo hatulifanyii mzaha.

Inge utamwandikia kabla hajapanda ndege, si baada ya kutua. Mwambie mama yuko hai, nyanya pia kama yuko, jenereta hazijawahi kuwapo, stima ilikatika siku nne na wewe ukaogopa. Usiongeze ugonjwa, na tafadhali usiseme alifufuka. Kisha hamisheni kazi kwenye chumba chenye mita halali, hata kama ni kidogo kuliko hicho, umwambie mmehamia wapi. Mteja aliye mbali haoni chumba chako wala uso wako, anaona neno lako tu, na hilo ndilo ulilokuwa ukimuuzia muda wote huu. Anaweza kuukataa mkataba. Akiukataa ana haki, nanyi mtatafuta mteja mwingine mkiwa na anwani yenu ya kweli.

Lakini kabla ya Inge, mama. Nenda Kongo kesho asubuhi kabla hajatandaza omena, na uende peke yako. Usibebe zawadi, atajua kuna jambo. Mweleze yote, kadi, maua na ule mti, asije akayasikia kwa Mitchelle. Rinda lake alivae siku ya mgeni, kama mgeni bado atakuja. Na akikuzaba kofi, usikwepe. Mimi mama yangu nilimzika Vihiga kweli, na ningepanda gari leo hii kwenda kulipokea kofi hilo.

Shangazi Musimbi